Rangi ya Kinyonga Inasema Nini?

Ndugu msomaji, kinyonga unamjua. Umemwona shambani. Umemwona kwenye ua wa nyumba. Pengine umemkuta katikati ya njia, anatembea kwa kusitasita kama mtu anayeogopa kukanyaga matope. Labda ulimpisha. Labda ulimpiga jiwe. Wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni kumwogopa, na mtu akishaogopa kitu hakitazami vizuri.

Mwezi wa Juni jirani yangu mmoja alinipigia hodi asubuhi. Sisi tunakaa Muheza, chini ya milima ya Usambara, penye michungwa mingi. Mama huyu alisoma katika darasa langu la watu wazima, na mpaka leo akiwa na jambo linalomtatiza huja kuniuliza.

"Mwalimu," akasema, "njoo uone mambo ya mwanao."

Mwanangu huyo ni mtoto wake wa kiume, ana miaka kumi na miwili. Alikuwa amemfuga kinyonga ndani ya ndoo ya plastiki. Juu ya ndoo ameweka kipande cha chandarua kikuukuu na kukifunga kwa kamba. Siku aliyomkamata, kinyonga alikuwa kijani kama jani la mchungwa. Siku ya nne alikuwa amekuwa mweusi-mweusi, ana madoa mwili mzima. Panzi aliowekewa hakuwala. Kutwa nzima alikuwa akizunguka chini ya ndoo na kukwaruza plastiki kwa kucha zake.

Bibi wa mtoto alikuwa amekaa barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, kisha akasema, "Mnyama huyo amegeuka mweusi kwa sababu ameona jambo humu ndani. Mtupeni kabla halijatupata." Mjomba wa mtoto yeye alitaka amwagiwe mafuta ya taa achomwe. Na mtoto mwenyewe machozi yalikuwa yanamlenga. Kumbe mtu mmoja aliyepita gulioni alimwahidi kwamba atanunua kinyonga mkubwa, wa kijani. Sasa ukijani umekwisha.

"Mwalimu, nimpe nini arudi kuwa kijani?"

Basi pale palikuwa na watu watatu, na kila mmoja amesoma rangi ile kwa namna yake. Mimi nilipomtazama yule mnyama niliona jambo la nne, nalo lilinitia wasiwasi kuliko yote. Lakini kabla sijalisema, tuzungumze kwanza juu ya kinyonga mwenyewe.

HANA SUMU

Kinyonga hana sumu. Hana sumu mdomoni, hana sumu kwenye ngozi, wala hana sumu kwenye kucha. Ukimshika kwa nguvu atapanua mdomo, atatoa sauti kama pumzi ya mtu mwenye hasira, na akipata nafasi atakubana kidole. Utashtuka, basi. Huyu wa kwetu wa mashambani ana vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, kama masikio. Akitishwa huvisimamisha ili aonekane mkubwa. Ni mkwara tu. Mnyama asiyeweza kukimbia lazima ajue kutisha.

Habari za mikosi zina asili yake. Katika sehemu nyingi za Afrika wazee husimulia kwamba kinyonga alitumwa kuwaletea watu habari kuwa hawatakufa. Akaenda polepole, na mjusi akamtangulia akiwa na habari ya kifo. Ndiyo maana kinyonga analaumiwa. Ni hadithi ya kusimuliwa jioni, na mimi mwenyewe naipenda. Lakini kumwua mnyama wa leo kwa kosa la mnyama wa hadithi, hapo mimi siwezi kukubali.

Nasema hivyo nikiwa na aibu yangu. Tulipokuwa wadogo, sisi wavulana tulikuwa tukimtia kinyonga ugoro mdomoni. Tulicheka tukiona anavyogeuka rangi moja baada ya nyingine, halafu anakuwa mweusi, halafu anaanguka. Tulidhani tumemlewesha. Sasa najua kwamba tumbaku ina sumu kali, na kwamba zile rangi tulizokuwa tunashangilia zilikuwa za mnyama anayekufa.

HAIGI KITAMBAA

Jambo la pili la kuondoa ni hili. Watu wengi husema, hata kwenye vitabu vya watoto husemwa, kwamba kinyonga huiga rangi ya kitu anachokalia. Ukimweka juu ya khanga nyekundu atakuwa mwekundu; ukimweka juu ya kaniki atakuwa mweusi. Si kweli. Yeye ni kijani au kahawia kwa kawaida kwa sababu anaishi kwenye majani na vijiti, kama vile panzi alivyo na rangi ya majani. Hapo amefichika tayari, hana haja ya kuiga. Rangi inapogeuka, mara nyingi inageuka kwa sababu ya hali ya mwili wake au kwa sababu ya kinyonga mwenzake.

Watafiti wawili, Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli, waliwapima vinyonga wadogo wa Afrika Kusini, na mwaka 2008 wakatoa matokeo yao. Waliona kwamba aina zinazobadilika rangi sana si zile zinazoishi mahali penye rangi nyingi. Ni zile ambazo madume yake hujionyesha sana mbele ya wenzao. Kwa hiyo rangi ni kama maneno. Kinyonga hana sauti ya kuita kama jogoo, basi anasema kwa ngozi.

RANGI INATOKA WAPI?

Hapa nakuomba usome polepole, ndugu yangu, maana jambo lenyewe ni la ajabu kidogo.

Ngozi ya kinyonga ina matabaka, kama blanketi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katika tabaka moja kuna seli, yaani vichumba vidogo sana vya mwili, zenye rangi ya manjano. Chini zaidi kuna seli zenye punje nyeusi. Hizi seli nyeusi zina matawi kama mikono, na mikono hiyo inapanda juu kwenye ngozi. Punje nyeusi zikikusanyika katikati ya seli, kama mbuzi waliofungiwa zizini, ngozi inaonekana nyepesi, inang'aa. Punje zikisambaa kwenye mikono yote, kama mbuzi waliofunguliwa kwenda malishoni, ngozi inaingia giza. Mnyama hakupakwa rangi mpya. Ni punje zilezile, zimehama tu.

Lakini kati ya manjano na nyeusi kuna tabaka jingine, na hapo ndipo penye siri kubwa. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo kikuu cha Geneva, nchini Uswisi, walieleza walichokiona kwa kinyonga mmoja wa Madagaska mwenye rangi kali sana. Ndani ya seli zake mna punje ndogo mno, ngumu na angavu, mfano wa punje za chumvi au sukari. Wataalamu huziita fuwele. Punje hizi hazina rangi yake zenyewe. Zimepangwa kwa safu, na mpango huo ndio unaorudisha mwanga wa rangi fulani na kuacha mwingine.

Utasema, kitu kisicho na rangi kitatoaje rangi? Tazama povu la sabuni juani. Maji hayana rangi, sabuni yenyewe nyeupe, lakini juu ya povu unaona bluu, zambarau na kijani. Au tazama dimbwi la maji barabarani lililomwagikiwa na mafuta ya gari. Rangi zile hazikutiwa na mtu. Zinatokana na jinsi mwanga unavyopiga kwenye utando mwembamba na kurudi.

Basi kinyonga yule akiwa ametulia, fuwele zake zinakaa karibu-karibu, na zinarudisha mwanga wa bluu. Bluu hiyo ikipita kwenye tabaka la manjano, wewe unaona kijani. Ni vilevile fundi anavyochanganya rangi ya bluu na ya manjano akapata kijani. Dume akiona dume mwenzake, au akiona jike, anachemka. Fuwele zinaachana, nafasi kati yake inakuwa kubwa, nazo zinarudisha mwanga wa manjano na mwekundu. Kwa dakika chache tu kijani kinageuka manjano, na mahali pengine panakuwa pekundu.

Na sikiliza neno hili, maana litatusaidia mbele. Wataalamu wale waliona kwamba tabaka hili la juu la fuwele limekamilika hasa kwa madume waliokwisha komaa. Majike na watoto wanalo dogo. Kwa hiyo ukimwona kinyonga mchanga hana rangi za fahari, usiseme ni mgonjwa. Bado hajapata nyenzo za kufanyia kazi hiyo.

WEUSI WA BARIDI NA WEUSI WA KUSHINDWA

Sasa turudi kwenye weusi, kwa kuwa ndio ulioleta zogo nyumbani kwa jirani yangu.

Kinyonga hana joto lake mwenyewe kama mimi na wewe. Analipata kwa jua. Asubuhi ya baridi anageuza ubavu kuelekea jua na kuutia weusi, kwa kuwa kitu cheusi hunywa joto haraka. Umekwisha kugusa bati jeusi saa sita mchana? Unajua mwenyewe. Kuna kinyonga wa jangwa la Namib, kusini-magharibi mwa Afrika, ambaye asubuhi huweza kuwa mweusi upande wa jua na mweupe-mweupe upande wa kivulini. Kivuli hakitampa joto, basi ya nini kuutia weusi upande ule. Joto likizidi, kinyonga anakuwa mwepesi wa rangi na kuachama mdomo. Huyo anaomba kivuli.

Usiku akilala anapauka pia. Ukipita kichakani na tochi utamwona anang'aa kama jani lililokauka. Hata wanaokwenda misituni kuwahesabu vinyonga huwatafuta usiku kwa tochi, kwa sababu mchana hawaonekani kwa urahisi.

Upo weusi mwingine, nao ni wa ugomvi. Hapo Marekani, katika jimbo la Arizona, watafiti walipambanisha madume ya kinyonga wa Yemeni, huku wakiwapiga picha. Mwaka 2013 walieleza kwamba dume ambaye kichwa chake kiling'aa zaidi na kubadilika upesi zaidi ndiye aliyeelekea kushinda. Mwaka uliofuata wakaeleza upande wa pili. Aliyeshindwa alijitia giza, kama kusema, "Basi, yaishe, mimi naondoka." Kwa hiyo kinyonga anayeingia giza mbele yako huenda hakutishi hata kidogo. Huenda amesalimu amri.

Sasa fikiri juu ya kinyonga aliye ndani ya ndoo. Hana pa kukimbilia. Sura kubwa za watu zinamchungulia kutwa. Kila mara anasema kwa ngozi yake "yaishe", na hakuna anayeondoka. Anabaki na giza siku nzima, hata siku ya pili, hata ya tatu. Giza la kupita si neno. Giza lisiloondoka hata akiwa juani na ametulia ni dalili ya taabu. Tazama na macho. Kinyonga mwenye afya macho yake yamejaa, yanazunguka kila moja upande wake. Yakidumbukia ndani, ana kiu. Akiyafumba mchana, ni mgonjwa. Na kiu yake haiondoki kwa kumwekea bakuli la maji. Yeye hulamba matone ya umande na ya mvua kwenye majani. Wengi wanaofungiwa hufa kwa kiu huku bakuli liko pembeni.

Kuna jambo moja dogo ambalo pia huwatisha watu. Mara nyingine kinyonga huonekana ana mabaka meupe, ngozi inabanduka vipande-vipande. Huyo anajivua. Nyoka huvua gamba lake kwa mara moja, kinyonga huvua kidogo-kidogo, na mtoto anayekua hujivua mara nyingi kuliko mzee. Mwache, atamaliza.

ATAKUWA MKUBWA LINI?

Mtoto wa jirani yangu alisema amemkamata "kinyonga mkubwa". Ukubwa wa kinyonga unajulikanaje?

Urefu unasaidia, lakini peke yake hautoshi. Huyu wa kwetu mwenye masikio ya ngozi aweza kufika kama sentimeta 35, mkia ukiwa ndani ya hesabu, na mara nyingi jike huwa kubwa kuliko dume. Kwa hiyo ukikuta wawili, mnene na mwembamba, usiseme mnene ndiye baba. Tazama mkia unapoanzia. Kwa dume lililokomaa pale chini pamevimba. Kwa jike ni pembamba, panateremka vizuri.

Aina nyingine zina alama zake. Katika nyanda za juu za Kenya na huku kwetu kwenye mlima Meru yupo kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, kama kifaru aliyezidisha. Huyu hatagi mayai. Anazaa watoto walio hai, kati ya 8 na 30 kwa kawaida, baada ya kuchukua mimba kama miezi mitano au sita. Watoto wake wana rangi ya kijivu na kahawia. Hawaanzi kijani mpaka wafike miezi minne au mitano hivi, na pembe za dume zinaanza kama vipele. Mtu asiyejua akiwaona watoto wale kando ya mama yao wa kijani atasema ni wanyama wengine kabisa.

Kinyonga wa Yemeni, yule wa ugomvi wa Arizona, ndiye anayefugwa sana Ulaya na Marekani, na wengi wao huzaliwa hukohuko katika vizimba. Anapototolewa ni wa kijani cheupe. Dume hujulikana siku ileile, maana ana kijinundu nyuma ya kisigino cha mguu wa nyuma, na jike hana. Jike likifika miezi minne hadi sita laweza kuwa tayari kuzaa. Likiwa tayari hutoa madoa ya bluu. Likishapandwa na kupata mimba, linaingia giza, na juu ya giza lile yanatokea madoa ya manjano na bluu. Dume lolote likisogea, jike hufungua mdomo na kuyumbayumba. Rangi ile ni tangazo: nimekwisha, usinisumbue.

Utaona basi kwamba ukomavu wa kinyonga huja upesi. Aina nyingi huwa wakubwa kabla ya kutimiza mwaka au karibu na hapo. Yupo mmoja wa Madagaska anayeishi miezi minne au mitano tu baada ya kutoka kwenye yai. Miezi minane au tisa anakuwa yai ardhini, kisha anatoka, anakua, anazaa, anakufa. Sehemu kubwa ya uhai wake ameimaliza chini ya udongo.

Nimetaja udongo. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

JIKE LA KWENYE NDOO

Huyu kinyonga wetu wa mashambani hutaga mayai. Jike likikaribia kutaga, linashuka kutoka mtini. Hapo ndipo mnapokutana naye njiani. Anatafuta udongo laini wenye unyevu, mahali pa kuchimba. Anachimba shimo kwa miguu yake, kazi ya saa nyingi, anataga mayai kati ya 20 na 50, pengine zaidi, kisha anafukia na kusawazisha kama mtu anayeficha fedha. Akimaliza anaondoka, na hatarudi. Mayai yanakaa ardhini miezi mingi, karibu mwaka. Watoto hutoka wenyewe, hupanda majani wenyewe, na hujitafutia wadudu wadogo siku hiyohiyo.

Sasa mfungie jike wa namna hiyo ndani ya ndoo ya plastiki. Tumbo limejaa mayai. Anashuka chini, anakwaruza, hapati udongo. Anazunguka, anakwaruza tena. Hali, maana hamu ya chakula imekwisha na tumbo halina nafasi. Akikosa pa kutagia, mayai hukwama ndani, naye hufa nayo. Hata wale wa Ulaya wanaofuga kwa taa na vizimba vya wavu wanalijua hilo. Jike lazima lipewe chombo kilichojaa mchanga wenye unyevu, hata kama halijawahi kukaa na dume, maana majike ya namna ile hutaga hata bila dume.

Ndilo jambo la nne nililoliona asubuhi ile. Nilimgeuza mtoto amtazame kinyonga kwa ubavuni. Tumbo lilikuwa limejaa vinundu-vinundu, kama mfuko wa njugu mawe. Mkia ulianza mwembamba.

"Huyu mama yuko karibu kujifungua," nikasema.

Bibi akanitazama. "Ana mimba?"

"Ana mimba, bibi. Na hapa hamna udongo."

Yule bibi, ambaye dakika tano nyuma alitaka mnyama atupwe, akanyamaza. Halafu akamwambia mjukuu wake, "Wewe mtoto, ulimtoa wapi? Mrudishe palepale."

HABARI YA MNUNUZI

Mjomba hakukubali upesi. Yeye aliona fedha zinakwenda. Nikamweleza mambo mawili.

La kwanza ni sheria. Kinyonga ni mnyamapori, hata akiwa kwenye mchungwa wako mwenyewe. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa. Na mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Anayekuja gulioni akiwatuma watoto hawezi kukuonyesha kibali. Akikamatwa, atasema mali ni yako.

La pili ni habari ya Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwezi wa Januari mwaka 2021 maofisa wa forodha wa huko walitangaza kwamba uwanja wa ndege walimkamata mtu mmoja aliyetoka Tanzania kwa kupitia Ethiopia. Katika mizigo yake walikuta vinyonga 74 kutoka milima ya Usambara. Ndiyo, milima hii hapa juu yetu. Alikuwa amewaficha ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Walikuwemo wakubwa, na walikuwemo wachanga wa umri wa wiki moja. Thamani yao ilikadiriwa kuwa kama euro 37,000. Walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya mji huo, na watatu kati yao hawakupona.

"Euro 37,000," mjomba akasema. "Na mtoto aliahidiwa shilingi ngapi?"

Mtoto akataja. Haikufika bei ya kilo mbili za sukari. Mjomba akatema mate, akaondoka zake. Sijui kama nilimshinda kwa sheria au kwa hesabu, lakini nadhani ni kwa hesabu.

Niseme jambo moja pembeni. Baadhi ya vinyonga wa milima hii hawapatikani mahali pengine popote duniani. Msitu ukifyekwa hapa, wamekwisha. Mwaka 2006 wataalamu walipolipa kundi moja la vinyonga wa Afrika Mashariki na Kati jina jipya la kisayansi, waliliita Kinyongia. Walichukua neno letu wenyewe la Kiswahili. Mtu wa Japani au wa Brazili akiandika habari za wanyama hawa leo, anaandika neno ambalo bibi yule wa barazani analitamka kila siku.

TULIVYOFANYA

Hatukumshika kwa mkono. Kinyonga akishikwa mgongoni kutoka juu hudhani ni ndege anayetaka kumla. Tulimwekea kijiti mbele ya kifua, akakipanda mwenyewe. Mtoto akakibeba mpaka kwenye mchungwa aliomtoa, mwisho wa shamba, ambapo chini pana udongo mweusi uliolainishwa na mvua za masika. Tukamnyunyizia maji kwenye majani. Kwa muda alikaa tu. Halafu akaanza kulamba matone, moja moja, na akalamba kwa muda mrefu sana.

Hakurudi kuwa kijani siku ile. Mtoto alikaa mbali kidogo akimtazama, na jioni akaja kuniambia kwa huzuni kwamba bado ni mweusi. Nikamwambia asubiri. Kesho yake mchana akaja mbio.

"Mwalimu, anachimba!"

Tulikwenda, mimi, mama yake, na bibi nyuma na fimbo yake. Tulisimama kwa mbali. Kichwa kilikuwa kimeingia shimoni, mkia tu uko nje. Mwili ulikuwa na rangi ya udongo wenyewe. Tukamwacha. Asubuhi ya siku ya tatu shimo halikuwepo, pamesawazishwa, na usingejua kitu kama hukuwa umepatia alama. Yeye mwenyewe alikuwa amepanda tena mchungwani, amekonda, ngozi ya tumbo imekunjamana kama mfuko mtupu. Rangi yake ilikuwa kijani.

Ukikutana na kinyonga anayevuka njia, fanya kama tulivyofanya sisi. Tafuta kijiti, kiweke mbele yake, akipanda mvushe upande aliokuwa anaelekea. Usimrudishe alikotoka, maana ataanza safari upya. Kama ni jike mnene lililo chini mwezi kama ule, na shamba ni lako, tazama anakochimba, upakumbuke wakati wa kulima.

Mtoto yule ameizungushia miba ile sehemu. Ameandika tarehe kwenye daftari lake la shule, na mama yake ameiandika kwenye kalenda ya ukutani, kwa mkono wake mwenyewe. Mjomba analalamika kwamba jembe lake sasa lazima lizunguke mchungwa ule. Bibi amekwisha uliza mara mbili kama mvua za mwakani zikizidi mayai yataoza. Nilimwambia pale ni mwinuko, maji hayatuami.

"Basi tuache miba palepale," akasema.